Meridjo Belobi: mkono ao roho?



Hapa Goma vijana wengi wanapima mpiga batri kwa mbio ya mikono. Mimi naona historia ya muziki wetu inatupatia jibu lingine.

Zaiko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa mwisho wa 1969. Vijana wale waliacha tarumbeta na saksofoni za orkesta za wakubwa, wakasukuma gitaa na batri mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga batri wao Meridjo Belobi akajulikana kwa mdundo wa cavacha. Inasimuliwa kwamba ulitokana na mlio wa treni.

Muangalie vizuri: cavacha haiko na mapambo mengi. Ni pigo fupi lenye kurudiliwa. Mwanafunzi anaweza kulikamata upesi. Lakini kulishika sebene nzima bila kukimbia, huku unasikiliza gitaa na kujua saa ya kupandisha wachezaji, hiyo ndiyo kazi.

Kwa hiyo sitenganishi ufundi na roho. Ufundi unazuia mdundo usianguke. Roho inajua watu wanahitaji nini sasa. Kwa Meridjo, mkono ulitumikia sikio. Ndiyo maana cavacha ilivuka mpaka Nairobi, bendi za kule zikaipiga miaka ile ile ya 1970. Yeye alifariki 2020, mdundo wake ungali unachezwa.

Vijana wetu wa orkesta na wa kwaya, mbele ya kuongeza mbio, wajaribu kushika cavacha dakika 10 bila kuyumba. Nyinyi munaona je?