Anonymous Sudan ni Kina Nani, na Waliangushaje eCitizen?

Kama Julai 2023 eCitizen ilikukatalia ukisaka pasipoti ama leseni, ulikuwa umepatana na vita ya wenyewe. Anonymous Sudan, wadukuzi waliojiita wazalendo, walidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Silaha yao ilikuwa DDoS. Chukulia wasee elfu moja wasiolipa wamejaza mathree moja: wewe abiria wa ukweli unabaki stage. Hivyo ndivyo tovuti huzimwa bila data kuibwa, na serikali ilisema hakuna iliyopotea.

Wengi walishuku Warusi, lakini Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani.

Nchi zikikosana, wewe ndio unakwama. Weka kopi za stakabadhi zako kwa simu mapema.