Kisomo cha Ukubwani: Deni Letu katika Pwani ya Unguja

Maji yakitoka Bwejuu, ufuo huwa mpana hata mtu akadhani bahari imehama. Ndipo kina mama wanapoteremka, kanga zimefungwa kiunoni, wamebeba vigingi na kamba kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Sisi Wakristo wachache tunaoishi hapa, wengi wetu tuliotoka bara kutafuta kazi za hoteli na ujenzi, tumekuwa majirani zao kwa miaka. Tunauziana, tunazikana, tunapelekeana chakula siku za Idi na siku za Krismasi.

Jioni moja jirani yetu, bibi mwenye wajukuu wengi, alitujia na kikaratasi cha mnunuzi wa mwani. Akasema, “Wanangu, nisomeeni hapa. Wameandika kilo ngapi?” Tukamsomea: kilo 38. Akakikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kanga. “Haya, ahsanteni. Mzigo naujua kwa mgongo wangu, lakini mgongo haujui kusoma.” Hakulalamika, wala hakumtuhumu mtu. Alitaka tu kujua ni nini kimeandikwa juu ya jasho lake.

Alipoondoka tulikaa kimya, kisha tukaulizana. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo mwaka 1964. Kanisa limekuwa na shule katika kisiwa hiki miaka 100 kabla ya hapo. Imekuwaje basi bibi huyu akapitwa na yote mawili? Ili tujibu, yatupasa tuiangalie historia yetu wenyewe, na tusijipendelee.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile tunayoijua kwa herufi za UMCA, walifika Unguja. Mwaka huo huo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Baadaye wavulana walisomeshwa Kiungani na wasichana Mbweni, na Kiungani ndiko alikosoma Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo.

Steere alikuja kama mwalimu, lakini kwanza ilimbidi awe mwanafunzi. Alikuwa mtu mzima alipoketi na wenyeji wa Unguja kujifunza Kiswahili, na mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuwafundisha wengine lugha hiyo. Misheni ilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na waliokuwa watumwa jana walipanga herufi za vitabu vya leo. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale, siku ya Krismasi.

Nani alilipa? Walilipa waumini wa parokia za Uingereza, kwa sadaka zao. Mtoto aliyetolewa jahazini hakuwa na baba wa kumlipia ada. Hapa tunaweza kumshukuru Mungu bila kusitasita: elimu ya Kanisa letu kisiwani ilianza kama zawadi kwa watu wasioweza kuilipia.

Lakini tuseme na upande wa pili. Zawadi ile ilikuwa na mlango mwembamba. Waliosoma walikuwa chini ya misheni, na kusoma kulikwenda pamoja na kubatizwa. Mzazi Mwislamu wa Bwejuu, Makunduchi au Mkokotoni aliiona shule ya misheni kuwa ni njia ya kumpoteza mwanawe, na hatuwezi kumlaumu. Tena hakuwa mtu wa gizani. Vijiji vilikuwa na vyuo vya Kurani, na walikuwapo watu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakatumiana barua na kuweka hesabu za biashara. Herufi za Kizungu zilipofanywa kuwa herufi za ofisi, mtu aliyejua kusoma kwa namna ya wazee wake alihesabiwa kama hajui kusoma kabisa.

Serikali ya kikoloni nayo ilifungua shule mwanzoni mwa karne ya 20, lakini zilikuwa chache, na mashambani zilikubalika polepole sana. Wazazi wengi walisita mpaka mafundisho ya Kurani yalipopewa nafasi ndani ya shule. Kwa muda mrefu, kupata elimu kulitegemea kabila lako, dini yako, mfuko wa baba yako na umbali wa nyumba yenu kutoka mjini.

Ndipo ikaja tarehe 23 Septemba 1964. Miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu Zanzibar itatolewa bila malipo na bila ubaguzi. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya ubaharia, wala hakuwa mtu wa shule nyingi. Shule za misheni, pamoja na za jumuiya nyingine, zikawa chini ya serikali.

Kwa Kanisa ilikuwa hasara, na haina haja kuificha. Shule zilizojengwa kwa sadaka ziliondoka mikononi mwetu, na wako wazee waliozililia mpaka kufa kwao. Nasi tuliokuja baadaye tulizoea kuisimulia habari hiyo kama habari ya kunyang’anywa. Lakini tukae Bwejuu asubuhi moja tu, tuwatazame watoto wakienda shule na sare zao, wa kike na wa kiume, watoto wa wavuvi, wa wakulima wa mwani, na wetu sisi wageni. Hakuna anayeulizwa ni wa dini gani kabla ya kupewa dawati. Jambo walilolianza wale waumini wa mbali kwa watoto watano, hazina ya umma ililifanya kwa wote. Tukisema kwamba tuliwahi kuomba watu wote wapate nuru ya kusoma, basi ombi hilo lilijibiwa, ingawa jibu halikupitia mlango wetu. Aliyepanda hana haki ya kununa kwa sababu mwingine amevuna na kugawa.

Hata hivyo, tangazo la 1964 lilimkuta jirani yetu akiwa binti mkubwa, mwenye wadogo wa kulea nyumbani. Shule ilikuwa bure, lakini wakati wake haukuwa bure. Dawati lilikuwa la watoto. Ada ilipoondolewa, palibaki swali la pili: na waliokwisha kukua?

Elimu ya shule si jambo la Muungano, kwa hiyo bara na visiwani kila upande ulikwenda na mipango yake. Kwa swali hili la watu wazima, tutazame kwanza bara, kwa kuwa huko ndiko lilikoulizwa kwa sauti kubwa zaidi, na wengi wetu ni watoto wa wale waliojibu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alisema wazi kwamba nchi haiwezi kuwasubiri watoto wakue ndipo ianze kuendelea. Katika sensa ya 1967, kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Yakafunguliwa madarasa chini ya miembe, makanisani, misikitini na viwandani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kuwa wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika kila 100.

Kazi hiyo nayo ilikuwa na mkono wa Ulaya, na mkono huo ulianzia kanisani. Huko Denmark, katika karne ya 19, mchungaji na mtunzi wa nyimbo za ibada, N. F. S. Grundtvig, alifundisha kwamba mkulima wa kawaida anastahili shule ya kumfungua akili, ambamo watu wazima wangeishi na kuzungumza pamoja, pasipo mitihani. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Serikali za nchi hizo zikaja kuzigharimia kwa kodi, kwa kuamini kwamba raia aliyesoma ni faida ya wote. Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, ilifuata mfano huo, na Sweden ilisaidia gharama.

Lakini kuna sehemu ya mwisho ya habari hii ambayo hatupendi kuisimulia. Katika miaka ya 1980 uchumi ulianguka. Masharti ya wakopeshaji yakabana matumizi ya serikali, na ada zikarudi mashuleni. Madarasa ya watu wazima yakakosa walimu, vitabu na mafuta ya taa. Aliyejifunza herufi mwaka 1975 hakuwa na gazeti la kusoma mwaka 1990. Sensa ya 2002 ilipofanyika, karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa tena hawajui kusoma. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa bara mwaka 2001, lakini miaka iliyopotea haikurudi.

Somo lake ni hili: elimu si ukuta unaojengwa mara moja ukasimama. Ni kama shamba la mwani. Kamba ikiachwa bila kutazamwa, mawimbi huifungua, nawe utarudi ukute vigingi vitupu. Nchi inayolipia elimu ya utoto peke yake, kisha ikaacha, itajikuta inalipa tena.

Turudi Bwejuu. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, na tangu siku hiyo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Hakuna shule iliyowafundisha utotoni. Walijifunza ukubwani, ndani ya maji. Kisha bahari ikaanza kupata joto, na mwani wa bei nzuri, ule unaoitwa kotonii, ukawa unakufa karibu na ufuo. Ikabidi kujifunza tena. Dakta Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo mjini Unguja, aliwafundisha wakulima kutumia nyavu katika maji ya kina kirefu zaidi, na kusaga mwani kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu tu. Huko Kinyasini, chuo cha Barefoot kimewafundisha kina mama wa vijijini kutengeneza na kufunga taa za jua, hata wale waliokuwa na shule kidogo sana. Haya yanatuonyesha kwamba mtu hapitwi na umri wa kujifunza. Anachokosa ni mtu wa kuketi naye.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari ya Mkushi mmoja, mtu mzima mwenye cheo, akisafiri garini na kitabu asichokielewa. Filipo hakumwambia amfuate Yerusalemu. Alikimbia mpaka garini, akauliza swali, akapanda, akaketi karibu naye, wakasoma pamoja. Mwalimu alikwenda alipo mwanafunzi, kwa mwendo wa mwanafunzi. Hicho ndicho kisomo cha kwanza cha ukubwani katika historia ya Kanisa.

Basi tumekubaliana mambo matatu, nasi tunayaweka mbele ya washarika wenzetu popote mlipo. La kwanza, tusiache kuidai na kuiunga mkono elimu ya umma. Zanzibar ina walimu wa visomo chini ya wizara. Waombwe, wapokewe, wasaidiwe posho pale inapochelewa. Kodi tunayolipa na sadaka tunayotoa si mahasimu.

La pili, kila usharika wenye chumba, benchi na taa ujiulize vinafanya nini siku sita za wiki. Sisi tuna sebule moja na benchi nne. Saa za darasa zifuate maji, si ratiba yetu, kwa sababu siku za bamvua kina mama wako shambani.

La tatu, na ndilo zito, tusifanye herufi kuwa chambo. Jirani yetu Mwislamu akija kujifunza kusoma kikaratasi cha mizani, asome kikaratasi cha mizani, arudi nyumbani kwake na dini yake na heshima yake. Wazee wetu wa misheni walifanya mema mengi, lakini waliufanya mlango kuwa mwembamba. Sisi tumepewa nafasi ya kuupanua.

Bibi yetu ameshaanza. Wiki iliyopita aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, polepole, ulimi nje kama mtoto. Kisha akaomba tumwandikie pembeni tarakimu 3 na 8, akafanye mazoezi nyumbani. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, “Nikijua hizi mbili, zilizobaki zitanifuata.” Tuliitikia amina, naye akaitikia nasi.