Maji maangavu ya Kalundu

Alfajiri ufukweni Kalundu, kwenye Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mama husukuma povu la sabuni pembeni kwa kiganja, kisha huzamisha bidoni yake. Hatua chache kutoka hapo watoto wanaoga. Maji ni maangavu, na kwa jicho hayana neno. Lakini jicho halioni bakteria.

Mwaka 1884 Robert Koch, akiwa Calcutta, alifaulu kuotesha kimelea cha kipindupindu peke yake. Mwaka uliofuata Theodor Escherich akaeleza bakteria wa utumbo aitwaye leo E. koli. Huyo ndiye ambaye maabara zilimfanya shahidi: akikutwa majini, kinyesi kimepita hapo.

Kwanza alitafutwa kwa safu za mirija ya kioo. Ulihesabu mirija iliyotoa gesi, ukakadiria idadi, na siku kadhaa zikapita. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaenea chujio. Mililita 100 za maji hupita kwenye duara jembamba lenye mistari ya miraba, nalo hulazwa juu ya chakula cha bakteria katika joto la nyuzi 44. Kesho yake unahesabu madoa ya njano, kila doa ukoo wa bakteria mmoja. Ila mvua ikinyesha milimani na mto Mulongwe ukashuka na tope, chujio huziba, na mirija ya zamani inakuwa na faida tena.

Maji ya kunywa hayaruhusiwi hata doa moja. Kwa maziwa ya kuogelea, Ulaya tangu 2006 huyaita bora hata yakiwa na 500. Pale Kalundu maji ya kunywa na ya kuoga ni yale yale, kwa hiyo kwangu kipimo ni kimoja tu: sifuri.

Tena E. koli si kipindupindu. Kimelea cha kipindupindu, kilichofika mwambao wa Ziwa Tanganyika miaka ya 1970, kinaweza kuishi majini bila binadamu. Hukitafuti kwa chujio lile. Unahitaji chakula chake maalumu, kilichobuniwa Japani mwaka 1963.

Lakini kipimo kilichonigusa zaidi hakina kioo wala darubini. Watafiti walichukua takwimu za kila siku za maji yaliyosukumwa na mtambo wa Regideso, shirika la maji, kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na idadi ya waliolazwa Uvira kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Siku moja ya mabomba kukauka ilifuatwa na siku 12 ambazo wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 kwa wastani.

Na mabomba hayo hayana uhakika: Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya maji.