Unashona sare ya Star Trek? Fua kitambaa kwanza

Sare za Star Trek ya mwaka 1966, zilizobuniwa na William Ware Theiss, zilisumbua: kitambaa chake, mfano wa mahameli, kilinywea kikisafishwa. Msimu wa 3 ikaja nailoni.

Kwa hiyo fua kitambaa kabla ya kukikata, la sivyo sare itakubana baada ya kufuliwa mara moja tu.

Vipimo? Usihangaike:

• Tandaza fulana ya mikono mirefu inayokutosha, ichore kwenye karatasi, ongeza sm 1.5 za mshono.

• Jaribu kwanza kwa fulana kuukuu.

• Kola nyeusi ikate fupi kidogo kuliko shingo, uivute unaposhona. Haitalegea.

• Shona zigizagi, uzi usikatike.

Rangi: dhahabu kwa nahodha, bluu wanasayansi, nyekundu mafundi na walinzi.