Kupandikizwa kongosho na figo: Nani kati ya wagonjwa wa kisukari hufaidika?

KISUKARI kisipodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya figo, hadi zikashindwa kuchuja uchafu. Mgonjwa anayefikia hali hiyo huhitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Baadhi hupandikizwa kongosho pia.

Kongosho ndilo hutengeneza insulini, homoni inayowezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziua seli zinazotengeneza insulini. Hivyo kongosho jipya laweza kumwondolea mgonjwa haja ya kudungwa sindano. Wenye kisukari cha aina ya pili, ambao ndio wengi, mara nyingi tatizo lao ni mwili kutoitikia insulini ipasavyo, na ni wachache tu wanaofaa kupandikizwa kongosho.

Upasuaji wa kwanza wa aina hii ulifanywa Desemba 1966 na madaktari William Kelly na Richard Lillehei katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alipewa kongosho na figo kwa pamoja. Alifariki miezi michache baadaye, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Viungo hivyo viwili huenda pamoja kwa sababu maalumu. Aliyepandikizwa hulazimika kumeza dawa za kupunguza kinga ili mwili usikikatae kiungo kigeni, nazo humweka katika hatari ya maambukizi na baadhi ya saratani. Kwa anayeweza kutumia insulini salama, gharama hiyo ni kubwa mno. Anayepewa figo atazimeza dawa hizo kwa vyovyote vile.

Hata hivyo, kongosho karibu daima hutolewa kwa mtu aliyefariki, ilhali upandikizaji nchini Kenya hutegemea wafadhili walio hai. Kwa mkazi wa Diani au Lunga Lunga, basi, tumaini lililo karibu ni figo peke yake.

Safari hiyo huanza kwa kusafishwa damu, huduma inayopatikana katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Msambweni, au ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Upandikizaji wenyewe hufanywa mbali, katika hospitali kama Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 hairuhusu biashara ya viungo.

Mfadhili kwa kawaida huwa ndugu wa damu, naye hupimwa kundi la damu, figo na sukari. Kwa kuwa kisukari huandama familia, huenda ndugu aliyejitolea akagunduliwa kuwa nacho pia na kukataliwa.

Figo mpya haiponyi kisukari. Mgonjwa asipoidhibiti sukari, nayo huharibika kama zile za awali.

Figo zinazoanza kuharibika haziumi. Kwa hivyo mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa protini katika mkojo na utendaji wa figo tangu anapogunduliwa, na wa aina ya kwanza baada ya miaka 5, kisha kila mwaka. Shinikizo la damu nalo lidhibitiwe.