Hutibu, Hukinga, Husaidia: Historia Fupi ya Madai ya Kiafya katika Vifungashio vya Chakula

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi sheria za nchi yetu zilivyokuja kuyatawala maneno ya afya yanayoandikwa juu ya vifungashio vya vyakula, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki katika jambo hili ni ya lugha. Mtu akipita katika maduka ya Tandale na Mwananyamala, wilayani Kinondoni, au akivuka hadi Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, atakuta mifuko ya unga wa lishe uliosagwa katika mashine za jirani: mahindi, ulezi, soya, karanga, pengine na mchele. Juu ya mfuko huwa pana jina, uzito, namba ya simu na mstari mmoja au miwili ya sifa. Huongeza damu. Hujenga mwili. Hukinga maradhi. Mstari huo ndio tunaoushughulikia hapa. Mama mwenye mtoto aliyedhoofu huusoma kabla ya kutoa fedha, na akiuamini kupita kiasi huenda akachelewa kumpeleka mtoto zahanati. Mtengenezaji naye akiuandika vibaya aweza kuzuiwa kuuza unga ambao wenyewe hauna dosari.

Zamani mstari huo haukuwako kwa sababu mfuko wenyewe haukuwako. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, baadaye kwa kopo na kilo, na sifa zake zilikuwa mdomoni mwa muuzaji. Aliyesifu mno alijibiwa palepale. Hata wakati Shirika la Usagishaji la Taifa lilipokuwa msagaji mkuu wa sembe, unga ulikuwa unga tu, na haukuhitaji kujipigia debe. Ni baada ya biashara kulegezwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ndipo wasagaji wadogo walipoongezeka na maneno ya mfuko yakawa silaha ya kushindania mnunuzi.

Sheria, hata hivyo, ilikwisha kutangulia. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizokuwa kama ndugu: moja ya kudhibiti ubora wa chakula, nyingine ya dawa na sumu. Ya kwanza ilikataza chakula kuuzwa kwa lebo ya uongo au ya kupotosha juu ya asili yake, vilivyomo ndani yake au ubora wake. Kwa sheria hizo mbili, chakula kilipewa nyumba yake na dawa ikapewa yake. Mgawanyo huo ulikuwa mwepesi katika Kiingereza cha sheria kuliko katika Kiswahili cha watu. Neno letu dawa ni pana mno. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. Tangawizi ni dawa, asali ni dawa, na supu ya kuku kwa mzazi ni dawa pia. Mzee akisema asali ni dawa hasemi uongo wala havunji sheria. Neno lile lile likipigwa chapa juu ya chupa ya asali ya kuuza, linaihamisha chupa kutoka sheria moja kwenda nyingine.

Uzio huo haukubuniwa hapa. Marekani ilitunga sheria ya vyakula na dawa mwaka 1906, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba sheria ile iligusa uongo juu ya vilivyomo tu, wala haikugusa ahadi za uponyaji. Mwaka uliofuata ikabidi sheria irekebishwe. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kueleza kitu kina nini ni jambo moja, na kueleza kinafanya nini ni jambo jingine. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO na kukutana kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilitoa mwongozo wa jumla juu ya madai mwaka 1979. Mwongozo huo uliyakataa madai kwamba chakula kinafaa kukinga, kutuliza, kutibu au kuponya ugonjwa. Kisha mwaka 1984 kampuni ya Kellogg, ikishirikiana na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, iliandika juu ya maboksi ya All-Bran habari za makapi ya nafaka na saratani, na uzio ukatikisika. Marekani ikatunga sheria mpya mwaka 1990, Japani ikaanzisha utaratibu wake mwaka 1991, na Codex ikatoa mwongozo wa madai ya lishe mwaka 1997, ambao mwaka 2004 ulipanuliwa kuingiza madai ya kiafya.

Kwetu, mahali pa kwanza ambapo maneno ya lebo yalipigiwa mstari waziwazi ni katika maziwa ya kopo. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa vyakula badala ya maziwa ya mama tarehe 21 Mei 1981, kwa kura 118 dhidi ya kura moja, ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza picha za watoto wachanga juu ya kopo, na zinakataza maneno yanayofanya unga wa kopo uonekane umekuwa kama maziwa ya mama. Tanzania ilitoa kanuni zake za taifa mwaka 1994, na nyingine mwaka 2013. Mfasiri atazame jinsi kanuni zile za dunia zilivyokwenda mpaka kwenye neno lenyewe na kulitaja. Wanasheria waliona kwamba katazo la jumla la kupotosha halitoshi, kwani kivumishi kimoja chaweza kupotosha bila kusema uongo wowote.

Chumvi ilifuata njia tofauti, na kwa maoni yetu iliyo bora. Katika miaka ya 1990 ilipoagizwa kwamba chumvi ya kula itiwe iodini, neno lililoshika kwa wananchi ni madini joto. Mkemia akilichambua hataona joto lolote ndani yake, na vitabu vya shule vimeendelea na iodini. Lakini pakiti husema tu kwamba chumvi ina madini joto. Habari za rovu na za akili ya mtoto zimeachiwa zahanati na darasa. Lebo imebaki katika kueleza kilichomo.

Baadaye taasisi zilibadilika upesi. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa tatu, kwa dawa za miti shamba. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003 ilifuta ile ya chakula ya 1978, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ikaanza kazi mwezi Julai mwaka huo, chakula na dawa zikiwa sasa chini ya paa moja. Kuanzia Julai 2019 zilitenganishwa tena: chakula kikapelekwa Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, viwango EAS 804 na EAS 805 vya mwaka 2014 ndivyo vinavyohusu madai na vinafuata mkondo wa Codex. Viliandikwa kwa Kiingereza. Mfuko wa unga wa Mbagala huandikwa kwa Kiswahili. Hapa ndipo penye shida yenyewe.

Viwango hivi hupanga madai kwa daraja. Kueleza kwamba unga una chuma ni dai la lishe, nalo lina kipimo chake. Kwa mfano, chakula kisicho kimiminika hakiitwi chenye mafuta kidogo kikizidi gramu 3 katika gramu 100. Kueleza kazi ya chuma mwilini ni dai la kiafya, nalo laruhusiwa kwa masharti. Kueleza kwamba chakula chapunguza uwezekano wa kupata ugonjwa fulani kwahitaji ushahidi mzito zaidi. Kutibu na kuponya kumekatazwa. Sasa na tuyapime maneno yetu. Huongeza damu ni la daraja gani? Katika Kiswahili cha kila siku, mgonjwa wa upungufu wa damu huambiwa hana damu, au ameishiwa damu. Basi anayesoma huongeza damu amesoma tiba. Kiwango kinataka sifa iwe ya kirutubishi, isiwe ya mfuko: chuma husaidia mwili kutengeneza damu, na unga huu una chuma cha kutosha. Sentensi mbili badala ya maneno mawili. Mtengenezaji atalalamika kwamba mfuko ni mdogo, na hatumlaumu.

Neno kinga lina hila zaidi. Kusema chakula husaidia kinga ya mwili ni kueleza kazi. Kusema hukinga maradhi ni kuahidi jambo lililokatazwa. Kiingereza kina mashina mawili hapo, sisi tuna moja, na kati ya halali na haramu pana kiambishi tu. Vivyo hivyo kuzuia: dawa ya kuzuia kuharisha ni ya kabla au ya baada? Halafu pana sukari. Mtu mwenye sukari, kwa lugha ya mtaani, ni mgonjwa wa kisukari. Kwa hiyo maneno hakina sukari, ambayo katika kiwango ni habari ya gramu tu, yanaweza kusomwa kwamba chakula hiki ni cha wagonjwa hao. Afadhali kuandika hakikuongezwa sukari, pale ambapo ndivyo ilivyo.

Aidha, umbo la hu- lenyewe tulitazame. Ndilo umbo la methali: haba na haba hujaza kibaba. Halina wakati, halina sharti, halina shaka. Codex inataka madai ya kupunguza uwezekano wa ugonjwa yaandikwe kwa lugha ifaayo, ili mnunuzi asiyafahamu kuwa ni ahadi ya kukinga. Lugha ifaayo kwetu ni yaweza kusaidia, wala si husaidia. Kadhalika tungependekeza uwezekano badala ya hatari. Hatari ni neno la bango la nguzo ya umeme. Anayesoma kwamba chakula hupunguza hatari ya maradhi ya moyo anaweza kuelewa kwamba ugonjwa alio nao utapungua makali.

Wako wanaotaka tamko la kiafya badala ya dai, kwa kuwa dai lanuka deni na mahakama. Sisi tunaona harufu hiyo ndiyo faida yake. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani hukumu kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiwango hakisemi zaidi ya hilo. Tamko hutolewa na mwenye madaraka, na anayelisikia hatakiwi kuuliza.

Mambo haya yamekuwa ya haraka tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Mfasiri atakayefikia kanuni za vyakula atalazimika kuamua, kwa mfano, kama virutubishi na virutubisho ni kitu kimoja. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula zinahusu vilivyomo ndani ya chakula, ilhali maduka ya dawa yanauza vidonge kwa jina la virutubisho. Tungependa la kwanza libaki la chakula na la pili la vidonge, na wakaguzi wa Kinondoni na Temeke wapewe orodha hiyo pamoja na ile ya vitenzi, kabla ya wasagaji kuagiza mifuko mipya kutoka kwa mpiga chapa.