Uzi Uliokatika na Subira ya Mgonjwa

Kando ya bahari, katika wilaya ya Ilala, lipo jengo ambalo Wajerumani walilifungua mwaka 1897 kuwa hospitali. Mwaka 1996 likawa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Miongoni mwa wanaotibiwa humo kwa mionzi wamo watokao mikoa ya mbali, nao hukaa kwa jamaa mjini majuma kadha wa kadha. Swali lao ni la haki: kwa nini mionzi yote isitolewe siku moja, mtu akarudi kwake kulima?

Jibu lake lilitangulia kutendwa kabla ya kueleweka. Huko Paris, katika miaka ya 1920, Claudius Regaud aliwajaribu kondoo dume kwa mionzi. Alipoitoa kwa mkupuo mmoja, ngozi iliungua. Alipoigawa kwa siku nyingi, mbegu za uzazi zilikoma na ngozi ikasalimika. Matabibu wakafuata kanuni hiyo pasipo kujua sababu yake.

Sababu ilikuwa ndani ya seli. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, uzi wa nyuzi mbili zilizosokotana, wenye maagizo yote ya uhai. Mionzi huukata uzi huo. Mwaka 1959 Elkind na Sutton walionyesha kwamba seli zikipewa saa chache za kupumzika baina ya vipimo viwili, nyingi zaidi husalimika. Basi seli hujitengeneza.

Namna gani? Ukikatika uzi mmoja, vimeng'enya huondoa kipande kibovu na kuziba pengo kwa kuufuata uzi mzima, mfano wa fundi cherehani wa Kariakoo atazamaye mkono mmoja wa kanzu apate kukata wa pili. Zikikatika nyuzi zote mbili, kazi ni nzito. Ama seli huunganisha ncha kwa ncha upesi, na pengine ikapoteza maneno. Ama husoma nakala pacha iliyoandaliwa kabla ya seli kugawanyika, ikaandika upya kwa usahihi. Mwaka 2015 Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kufumbua njia za utengenezaji wa DNA.

Seli nyingi za saratani ni mafundi dhaifu. Usiku uliopo baina ya tiba mbili, seli nzima hushona majeraha yake; za saratani hubaki na mengi yasiyoshonwa, na kesho hukatwa tena. Lakini mgonjwa akikatiza tiba, saratani hupata nafasi ya kuzaana upya.

Kwa hiyo yule mkulima hacheleweshwi bure. Siku zake ni sehemu ya dawa. Na sisi tufundishao Kiswahili tuna deni: aelezwe jambo hili kwa lugha aielewayo, kabla hajafunga mizigo yake.